Kulinda tumbo la mgonjwa wa wodini anayetumia antibiotiki

Mimi ni muuguzi wa wodi ya wanaume, na shuka nilizobadilisha usiku kwa sababu ya kuhara hazihesabiki. Antibiotiki kama seftriaksoni haichagui: inaua bakteria wa ugonjwa pamoja na wale wema wa utumbo. Ndiyo maana napenda probayotiki, yaani vijidudu hai vyema vya kusaidia utumbo, ianze mapema, ndani ya siku 2 tangu dozi ya kwanza ya antibiotiki.

Muulize daktari kwanza, tafadhali sana. Mgonjwa mahututi, mwenye kinga iliyoshuka sana, au aliyewekewa mpira kwenye mshipa mkubwa wa shingoni, usimpe. Vijidudu hivi ni hai, vinaweza kuingia kwenye damu.

Akiruhusu, tenganisha saa. Akimeza antibiotiki saa 2 asubuhi, probayotiki ya bakteria mpe saa 4 au baadaye, kwa maji ya kawaida; usiichanganye kwenye uji unaotoa mvuke, utawaua. Mimi huandika saa kwenye kipande cha plasta na kukibandika kwenye kikombe chake, ili ndugu anayekuja mchana asibahatishe. Ile ya hamira, Saccharomyces boulardii, haiuawi na antibiotiki, ila dawa ya fangasi huiua. Endelea hadi dozi ya antibiotiki iishe.

Akihara mara 3 au zaidi kwa siku, mwite nesi na umpe mgonjwa ORS, ile dawa ya kuchanganya na maji ya kurudisha maji mwilini. Halafu nawa kwa sabuni na maji tiririka: sanitaiza haiui mbegu (spora) za Clostridioides difficile, bakteria anayeleta kuhara kwa watumiaji wa antibiotiki.