Bakteria wa mtindi, kadimiamu na risasi: maelekezo kutoka benchi la maabara

Kila msimu wa miradi ya mwaka wa mwisho, anakuja mwanafunzi kwenye benchi langu hapa Mwanza na wazo lilelile: "Dada, nataka kuonyesha bakteria wa mtindi wanavyokula risasi." Hawali. Risasi na kadimiamu ni elementi, hakuna kiumbe anayezimeng'enya zikaisha. Bakteria anaweza kuizuia metali mlangoni, kuinasa ukutani mwa seli, kuisukuma nje ikishaingia, au kufa. Kazi yako ni kujua kafanya lipi.

Kwa hiyo una maswali mawili: anaishi? Na metali imeenda wapi? Kila swali lina jaribio lake. Ukiyabana yote kwenye neli moja, hutajibu hata moja.

Bakteria na chumvi

Usichote mgando ukaumwaga kwenye neli. Ndani yake mna jamii nzima, na hutajua nani kafanya nini. Tenga koloni moja, hakikisha ni Gram chanya (seli zake hubaki zambarau kwenye rangi ya Gram) na haitoi mapovu ukiidondoshea hidrojeni peroksaidi, kisha ioteshe kwenye brothi ya MRS (supu ya kuoteshea bakteria wa asidi ya laktiki) usiku kucha kwa nyuzi 37.

Chumvi ya kadimiamu ndiyo inayowaangusha wengi, kwa sababu hawasomi lebo. Kupata mililita 100 zenye miligramu 1,000 za kadimiamu kwa lita, unapima miligramu 163 za kadimiamu kloridi kavu. Kama chupa yako ni ile yenye maji ndani ya fuwele (molekuli mbili na nusu za maji), pima miligramu 203. Kwa risasi tumia nitreti, miligramu 160. Risasi kloridi haiyeyuki vizuri, achana nayo. Na zebaki usiombe: baadhi ya bakteria huigeuza mvuke, na mvuke huo utauvuta wewe.

Vaa glavu na miwani, pima ndani ya kabati la kufyonza hewa. Kadimiamu ni kisababishi cha saratani kinachojulikana, na unga wake hauna harufu ya kukuonya.

Jaribio la kwanza: anaishi?

Panga neli za MRS zenye kadimiamu 0, 10, 25, 50 na 100 miligramu kwa lita, tatu tatu kwa kila kiwango. Tia bakteria asilimia moja ya ujazo. Soma ukungu wa brothi, yaani inavyofifia kwa wingi wa seli, kwenye spektrofotomita (mashine ya kupima mwanga unaopita), nanomita 600, kila baada ya saa mbili mchana kutwa, kisha baada ya saa 24.

Usitazame mwisho tu. Bakteria aliyebanwa mara nyingi huchelewa kuanza kukua, halafu anapanda karibu kama wenzake. Huko kuchelewa ndiko kwenye habari: ndipo anapotengeneza pampu za kutoa metali na protini za kukarabati zile zilizoharibika, maana kadimiamu hushika sehemu zenye salfa za protini na kuzilemaza. Ukisoma saa ya 24 peke yake utaandika "hakuna athari" na utakuwa umekosea.

Pima pia pH, yaani ukali wa asidi. Aliyeelemewa hutengeneza asidi kidogo, na mita ya pH ipo hata kwenye maabara isiyo na kitu. Halafu pandikiza kwenye agari (chakula kigumu cha kuoteshea) uhesabu koloni, kwa sababu seli zenye shida zinaweza kushikana minyororo na kuudanganya usomaji wa ukungu.

Kuna mtego wa manganisi. Lactiplantibacillus plantarum, bakteria mmojawapo wa asidi ya laktiki, hujilimbikizia manganisi nyingi kujikinga na sumu ya oksijeni, mahali ambapo viumbe wengine hutumia kimeng'enya maalumu. Kadimiamu hupenya kwa mlango huohuo wa manganisi. MRS ina gramu 0.05 za manganisi salfeti kwa lita, kwa hiyo mlangoni kuna msongamano na kadimiamu inakosa nafasi. Ukitengeneza MRS isiyo na manganisi, bakteria mwenye njaa hufungua milango zaidi na kadimiamu inaingia. Ukiwa na muda, linganisha brothi hizo mbili. Mimi ningekupa alama za juu kwa hilo kuliko kwa kuongeza aina kumi za bakteria.

Jaribio la pili: imeenda wapi?

Hapa MRS haifai kabisa, hasa kwa risasi. Ina fosfeti, na fosfeti ikikutana na risasi inaganda na kuzama chini. Utapima maji ya juu, utakuta risasi imepungua, utashangilia bakteria ambao hawajafanya lolote.

Vuna seli kwa sentrifuji, zioshe mara mbili kwa maji yaliyoondolewa ioni, zikoroge kwenye maji hayohayo. Weka pH kati ya 5 na 6. Ikishuka sana, protoni zinagombania nafasi zilezile ukutani na unasaji unaanguka. Ikipanda sana, metali inaganda yenyewe. Tia metali, acha saa moja, zungusha, kisha peleka maji ya juu kwenye mashine ya ufyonzaji wa atomi: nanomita 228.8 kwa kadimiamu, 283.3 kwa risasi.

Tumia neli za plastiki zilizolowekwa kwenye asidi ya nitriki ya asilimia 10, na uwe na neli hizi za ulinganisho:

- Metali bila seli. Kiwango chako cha kuanzia ni hiki, siyo kile ulichoandika kwenye daftari.
- Seli bila metali.
- Seli zilizouawa kwa otoklevu (chungu cha mvuke wenye shinikizo). Zikinasa sawa na hai, basi ni ukuta, yaani fosfeti na kaboksili zake zenye chaji hasi, wala uhai hauhusiki.
- Seli zilizooshwa kwa EDTA (kemikali inayoshika metali na kuibandua) baada ya kunasa. Inayotoka ilikuwa juu, inayobaki huenda imeingia ndani.

Andika unachoweza kutetea

Neli siyo utumbo. Hapahapa Mwanza, utafiti mdogo uliochapishwa 2014 uliwapa wajawazito na watoto wa shule mtindi wenye Lactobacillus rhamnosus GR-1. Kwa wajawazito, ongezeko la zebaki na arseniki kwenye damu lilipungua. Kwa watoto tofauti haikufikia kiwango cha kitakwimu. Kwa hiyo usiandike kwamba mtindi "unasafisha damu". Andika: aina hii, kwenye pH hii, imenasa miligramu kadhaa kwa gramu ya seli kavu.

Mabaki yote, hata maji ya kuoshea seli, yaingie kwenye dumu lenye lebo na kabidhi kwa msimamizi wa taka za kemikali. Sinki hapana. Na mtindi uliotumia kutenga bakteria usiuweke kwenye friji ya chai.