Kufunga tairi pana mbele ya guta: kutoka 4.50-12 kwenda 5.00-12

Guta, yaani pikipiki ya mizigo ya magurudumu matatu, likiingia na magunia ya dagaa kwenye mchanga wa mwalo wa Igombe au Kayenze hapa Mwanza, shida inaanzia mbele. Nyuma kuna matairi mawili na mzigo wa kuyakandamiza. La mbele liko peke yake, jembamba, na linakata mchanga kama jembe. Dereva anageuza hendo, gurudumu linageuka, lakini guta linazidi kwenda kulekule lilikokuwa likienda mpaka linazama. Tairi pana linapunguza tabu hiyo sana, mradi lifungwe kwa vipimo na liendeshwe kwa upepo unaofaa.

Mwongozo huu ni wa guta la mizigo lenye rimu ya inchi 12 mbele na shokapu mbili. Bajaji ya abiria yenye tairi 4.00-8 ina mbele yake tofauti na nafasi ndogo, kwa hiyo vipimo vya hapa visitumike huko.

Kwanza elewa upana unasaidia wapi

Wengi wanafunga tairi pana, wanalijaza upepo uleule wa zamani, kisha wanalalamika kuwa mchanga bado unawashinda. Eneo la tairi linalogusa ardhi linaamuliwa zaidi na uzito uliolilalia na upepo uliomo ndani. Ukiacha upepo palepale, tairi la 5.00 linagusa ardhi karibu sawa na la 4.50, ila alama yake inakuwa pana na fupi zaidi. Faida kubwa ya upana ni kwamba ndani kuna nafasi zaidi ya hewa, hivyo unaweza kupunguza upepo bila rimu kugonga chini. Kwa maneno mengine, tairi pana ni nusu ya kazi, na nusu ya pili ni geji ya upepo.

Kitu kingine ni mzigo. Magunia yakirundikwa nyuma ya ekseli ya nyuma, mbele panakuwa pepesi, na hakuna tairi litakaloshika. Utaliona hilo hata kwenye lami ukipanda mlima wa Bugando: hendo inakuwa laini mkononi kama vile haijashika kitu. Sogeza mzigo mbele kabla ya kulaumu tairi.

Hatua ya 1: Pima kabla ya kununua

Hapa ndipo penye kazi kubwa kuliko zote, na ndipo watu wanapopita mbio.

Soma ubavuni mwa tairi lililopo. 4.50-12 maana yake upana wa inchi 4.5 kwenye rimu ya inchi 12. Kwa hesabu ya namba hizo, urefu wa tairi zima kutoka chini hadi juu ni inchi 12 ukijumlisha 4.5 mara mbili, yaani inchi 21, kama milimita 533. La 5.00-12 linatoka inchi 22, kama milimita 559. Kwa hiyo sehemu ya juu ya tairi itasogea karibu na madigadi kwa milimita 13, na pua ya guta itainuka kiasi hichohicho. Kwa upana, namba zinasema milimita 114 na 127, lakini tairi likijazwa upepo hutanuka kupita namba yake. Kwa 5.00, piga hesabu ya milimita 140 ili uwe salama.

Sasa pima nafasi kati ya miguu miwili ya shokapu, pale ilipo karibu zaidi na tairi. Ukikuta milimita 170, toa 140, zinabaki 30, yaani 15 kila upande. Hiyo inatosha. Kila upande ukibakiwa na chini ya milimita 10, acha. Kokoto moja ikinasa hapo itachana ubavu wa tairi, na njia zetu za kuelekea ziwani zimejaa kokoto.

Nafasi ya juu inahitaji akili zaidi, kwa sababu shokapu zinapanda na kushuka. Angalia madigadi imefungwa wapi. Kama imefungwa kwenye miguu ya chini, ile inayopanda pamoja na gurudumu, nafasi kati yake na tairi haibadiliki. Acha milimita 20 kwa ajili ya matope na inatosha. Kama imefungwa juu, kwenye chuma kinachoshika shokapu mbili, basi kila guta linapogonga shimo tairi linaifuata madigadi. Guta likiwa tupu, pima chuma kinachong'aa cha shokapu kilicho wazi. Tuseme ni milimita 80. Kisha pima kutoka juu ya tairi la sasa hadi madigadi; tuseme 110. Shokapu zikiingia zote zinabaki 30. Tairi jipya linakula 13, unabakiwa na 17. Hapo madigadi lazima iinuliwe angalau milimita 10.

Mwisho pima rimu, mdomo kwa mdomo kwa upande wa ndani. Rimu ya 3.50 ni milimita 89, na tairi la 5.00 linakaa vizuri juu yake. Rimu ya 3.00, yenye milimita 76, inavumilia. Ikiwa nyembamba zaidi ya hapo, usifunge. Tairi pana kwenye rimu nyembamba linavimba kama puto, linachakaa katikati tu, na kwenye kona ubavu unalala upande huku guta likiyumba.

Hatua ya 2: Vitu vya kuwa navyo

Tairi 5.00-12 moja na tyubu ya 5.00-12 mpya, yenye valvu ya umbo lilelile la zamani. Usirudishe tyubu ya 4.50: itavutika hadi iwe nyembamba, na pancha zitakuwa za kila wiki. Nunua pia utepe wa rimu kama wa zamani umechanika, na kotapini mpya ya ekseli, ile pini inayozuia nati isifunguke. Andaa mataimbo mawili ya tairi, spana za 17 hadi 24, jeki, magogo mawili ya mbao, geji ya upepo, brashi ya waya, msasa, grisi, poda ya kawaida na maji ya sabuni.

Kwenye kuchagua tairi, usiangalie upana peke yake. Angalia alama ya PR, inayoonyesha nguvu ya tairi kubeba mzigo. Isiwe chini ya ile ya tairi lililotoka. Ila kama guta linaingia mchangani kila siku, usikimbilie PR kubwa kupita kiasi mbele, kwa sababu ubavu wake ni mgumu na haulali hata ukipunguza upepo. Kashata, yaani meno ya tairi yanayoshika ardhi, ziwe za wastani, zenye mitaro ya kutoa matope. Kashata ndefu za trekta zinachimba mchanga na zinatetemesha hendo kwenye lami.

Hatua ya 3: Kuinua na kutoa gurudumu

Shusha mzigo wote. Egesha pasawa, vuta breki ya mkono, na weka mawe mbele na nyuma ya matairi ya nyuma. Mawe Mwanza hayanunuliwi. Jeki ikae chini ya fremu, mbele ya injini, juu ya gogo. Usiinulie chini ya injini wala ekzosi. Gurudumu likishanyanyuka, weka gogo la pili chini ya fremu ili jeki ikiteleza guta lisikuangukie.

Piga picha kwa simu pande zote mbili za ekseli kabla ya kulegeza kitu. Spesa, wosha na kifaa cha spidi vina mpangilio wake, na spesa mbili zikibadilishana upande gurudumu linakaa pembeni. Fungua waya wa breki, kisha waya wa spidi, chomoa kotapini, fungua nati, vuta ekseli ukiwa umeshika gurudumu.

Hatua ya 4: Kubadilisha tairi

Chomoa pini ya valvu na subiri upepo uishe wote. Onyo kwa wenye rimu ya vipande viwili iliyoungwa kwa bolti: usiguse bolti hizo hata moja kama ndani kuna upepo. Rimu inaweza kufyatuka na kuua mtu.

Kanyaga tairi pande zote mpaka liachie mdomo wa rimu. Anza kutoa kwa mataimbo upande wenye valvu, huku upande wa pili umeusukuma chini kwenye bonde la rimu. Ukiona unatumia nguvu nyingi, jua upande wa pili umepanda kutoka kwenye bonde; urudishe badala ya kulazimisha.

Kagua rimu. Maji ya ziwa letu ni maji baridi, hayana chumvi, lakini maji yanayotiririka kutoka kwenye kayabo, samaki waliotiwa chumvi, yana chumvi tele, na rimu za guta la samaki zinaliwa na kutu upesi. Sugua kwa brashi na msasa hadi chuma kiwe laini, kisha funika na utepe. Kutu iliyoachwa inatoboa tyubu kutoka ndani, na fundi atatafuta msumari kwenye tairi asiuone.

Pangusa poda ndani ya tairi na juu ya tyubu. Jaza tyubu upepo kidogo tu, iwe duara. Kama tairi lina mshale, uelekee upande wa mzunguko wa kwenda mbele. Pakaa maji ya sabuni kwenye mdomo wa tairi, ingiza, na malizia upande wenye valvu. Kabla ya pigo la mwisho la taimbo, sukuma valvu ndani kidogo ili tyubu isibanwe.

Jaza upepo hadi tairi litulie kwenye rimu, bila kuvuka kiwango cha juu kilichoandikwa ubavuni. Kisha toa upepo wote, jaza tena. Huko kujaza mara mbili kunanyoosha mikunjo ya tyubu. Zungusha ukitazama mstari mwembamba wa ubavu wa tairi ulio karibu na mdomo wa rimu: uwe sawa pande zote. Ukizama mahali, toa upepo, ongeza sabuni, rudia.

Hatua ya 5: Kurudisha

Kosa la hatari liko hapa. Sahani ya breki ina mfereji unaopaswa kuingia kwenye kinundu cha mguu wa shokapu. Usipoingia, ukikamata breki sahani nzima inazunguka na gurudumu, inakata waya, na gurudumu linaweza kujifunga ghafla. Hakikisha kwa macho, si kwa kupapasa.

Paka ekseli grisi, rudisha spesa kama picha inavyoonyesha, kaza nati kwa mkono tu. Shusha guta, kandamiza hendo mara tano au sita ili shokapu zipande na kushuka na miguu yake ijipange. Ndipo ukaze nati kabisa na kuweka kotapini. Ukikaza guta likiwa juu, miguu inaweza kubanwa ikiwa imepinda, na shokapu zitakuwa ngumu.

Pima tairi hadi mguu wa shokapu, kushoto na kulia. Tofauti ya milimita 2 si neno. Ya 5 ina maana spesa imekosewa. Funga kipande cha waya kwenye mguu wa shokapu, ncha yake ikaribie tairi, kisha inua na zungusha. Tairi likiyumba zaidi ya milimita 3, halijakaa sawasawa kwenye rimu.

Madigadi ikihitaji kuinuliwa, tumia bushi za chuma za urefu sawa na bolti ndefu zaidi. Vichwa vya bolti vikae upande wa tairi, nati juu. Nati ikiwa chini, ncha ya bolti itachora mfereji katikati ya tairi jipya siku ya kwanza ya shimo kubwa.

Hatua ya 6: Upepo na majaribio

Kwenye lami na mzigo wa kawaida anza na psi 30. Ukifika mchangani shuka hadi 22, na mchanga ukiwa mkavu na wa kina, 20. Usishuke chini ya 18: tairi linaanza kuteleza juu ya rimu, linaburuta tyubu, na valvu inakatika shingoni. Utajua limeanza ukiona valvu imelala upande. Kwa upepo huo mdogo usizidi kilomita 20 kwa saa, na ujaze tena kabla ya kurudi lami. Kwa hiyo pampu ya mguu na geji viwe ndani ya guta siku zote.

Jaribu kwanza bila mzigo. Geuza hendo mwisho kushoto, mwisho kulia: waya wa breki usivutike, tairi lisiguse kitu. Jaribu breki kwa mwendo wa kilomita 10 kwa saa. Kipenyo kikubwa kinapunguza nguvu ya breki ya mbele kwa karibu asilimia 5, kwa hiyo kaza waya kidogo, ila gurudumu lizunguke huru ukiachia. Kama spidi inasomwa kutoka gurudumu la mbele, mshale utaonyesha pungufu: ukienda 40, utasoma 38.

Hendo itakuwa nzito kidogo, hiyo ni kawaida. Ikitetemeka ukifika kilomita 35 hadi 45 kwa saa, usilaumu tairi haraka. Inua mbele, shika miguu ya shokapu, sukuma na kuvuta. Ikigonga, koni za shingo (bearing ambazo hendo inazungukia) zimelegea, na tairi pana limezifichua tu.

Pakia nusu ya mzigo siku ya kwanza. Baada ya kilomita 50, kagua nati ya ekseli, bolti za madigadi na upepo, kisha paka vumbi la chaki ndani ya madigadi na kwenye miguu ya shokapu. Endesha tena ukiwa na mzigo kamili kwenye njia mbovu. Chaki ikifutika mahali popote, tairi linagusa hapo.