Kiyoyozi cha pwani: kazi za kufanya kuanzia kusi hadi kaskazi

Fanya usafi mkubwa Septemba au Oktoba, kusi inapoelekea kwisha. Ukingoja Januari, joto la kaskazi litakuwa limekolea, mafundi wa Dar es Salaam na Mombasa wanagombaniwa, na fundi mwenye haraka huosha mashine ya ndani tu, ya nje akaipita.

Na huku pwani, mashine inayoumia ni ile ya nje. Upepo wa bahari huleta chumvi, chumvi hung'ang'ania rejeta, yaani vile vipande vyembamba vya alumini vilivyopangana kwenye mashine ya nje, na kuila polepole. Ukiona unga mweupe na vipande vinameguka kwa kuguswa, umechelewa. Nyumba iliyo jirani na ufuo, rejeta ioshwe kila mwezi. Iliyo mbali kidogo, kila miezi mitatu. Zima swichi ya ukutani, si rimoti peke yake. Tumia mpira wa bustani na maji yasiyo na chumvi, maana visima vingi vya pwani vina maji ya chumvi na hapo utakuwa unaongeza tatizo. Mashine ya kuoshea magari usiisogeze: presha yake hulaza vile vipande, hewa ikakosa njia. Kifuniko cha nyaya mwachie fundi, kwani kapasita, kifaa kinachotunza umeme wa kuwashia mota, hubaki na umeme hata baada ya kuzima.

Chujio la ndani lisafishwe kila wiki mbili. Livute, likung'ute vumbi, lioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, likauke kivulini. Ukilirudisha bichi unapanda ukungu.

Maji yakidondoka ukutani, wengi hukimbilia kusema gesi imeisha. Mara nyingi ni bomba la kutolea maji limezibwa na ute, hasa wakati wa masika. Linyonye kutoka mwisho wake wa nje kwa mashine ya kunyonyea vumbi inayostahimili maji. Kisha mimina kwenye trei ya mashine ya ndani inayokusanya maji glasi moja ya siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, subiri nusu saa, fuatisha lita moja ya maji polepole. Jiki usitumie; hula alumini. Bomba literemke walau sentimita 1 kwa kila mita, na ncha yake isizame ndani ya ndoo.

Kuhusu gesi, pesa nyingi hupotea hapa. Gesi haiungui kama petroli. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa. Ikipungua, inavuja, na kuongeza bila kuziba ni kulipia tena baadaye. Anza na maungio ya mabomba ya shaba: paka povu la sabuni, tazama mapovu. Barafu kwenye bomba nayo haimaanishi gesi moja kwa moja. Chujio chafu au feni ya ndani iliyojaa vumbi huleta barafu hiyohiyo. Aina ya gesi imeandikwa kwenye kibandiko cha mashine ya nje: R22, R410A au R32. Hazichanganywi. R410A huingizwa ikiwa majimaji na kwa kupima uzito kwenye mizani, kwa hiyo fundi anayekuja na geji ya presha tu anakisia. R32 inaweza kushika moto. Mfumo ukifunguliwa, lazima hewa na unyevu vinyonywe kwa pampu kabla ya kujaza.

Kipimo chako mwenyewe ni kipimajoto. Baada ya dakika 15, hewa inayotoka kwa kawaida iwe baridi kuliko inayoingia kwa nyuzi 8 hadi 12.

Mashine ya nje ikinguruma bila feni kuzunguka, kapasita ipimwe kabla ya mtu kukuuzia kompresa mpya, ile pampu inayosukuma gesi. Na umeme wetu huu wa kukatika na kurudi, weka kilinzi cha volti kinachochelewesha kuwasha kwa dakika 3 hadi 5. Kompresa ikilazimishwa kuanza presha haijatulia, inaweza kuungua.

Juni hadi Agosti, kama hukitumii, kwanza kiache kwenye feni tupu saa moja kikauke ndani, ndipo uzime. Toa betri za rimoti. Ziba tundu la nyaya kwenye mashine ya nje: mijusi huingia humo, na mmoja tu akigusa bodi ya umeme anaweza kuiunguza.