Somo: Kujenga mtandao wa jamii usiotumia waya kwenye miteremko ya Moshi

Somo hili ni la vikundi, shule na vyama vya msingi vya ushirika vya Kibosho, Uru, Old Moshi na Machame vinavyotaka kugawana laini moja ya intaneti badala ya kila nyumba kuhangaika na bando lake. Jambo hili limekwisha kufanyika kwingine: Guifi.net ya Catalonia, nchini Hispania, ilianza mwaka 2004 kwa wanavijiji kuunganishana wenyewe, na hapa nchini wenzetu wa Kondoa, mkoani Dodoma, wana mtandao wa jamii. Vifaa havitofautiani sana popote uendapo. Kinachotofautiana ni ardhi, na ardhi yetu ndiyo inayoamua mtandao uchorwe vipi.

Hatua ya kwanza: someni ardhi kabla ya kununua chochote

Vijiji vyetu vya Mlima Kilimanjaro vimekaa juu ya migongo iliyotenganishwa na makorongo, na kila mgongo umefunikwa na migomba, miparachichi na migrevilea. Kwa sababu hiyo, nyumba mbili zinazotazamana ng'ambo ya korongo, umbali usiofika hata kilomita moja, mara nyingi hazionani, ilhali zote mbili zikigeukia kusini zinauona mji wa Moshi na tambarare yake. Ushauri wangu, ambao wengi huupinga mwanzoni, ni kwamba kituo kikuu kisiwekwe juu mlimani bali chini, kwenye jengo refu la mjini lenye antena pana inayotazama juu. Mawimbi yatashuka mjini na kupanda tena kwa jirani, na mzunguko huo huongeza milisekunde chache tu.

Kuonana kwa macho hakutoshi. Mawimbi huhitaji nafasi iliyo wazi kuzunguka mstari wa kuonana, nayo huitwa eneo la Fresnel. Kwa kiungo cha kilomita 8 kwenye masafa ya gigahezi 5.8, nusu kipenyo cha eneo hilo katikati ya njia ni kama mita 10, na angalau asilimia 60 yake, yaani mita 6, iwe haina kizuizi. Hapo mlima unatusaidia, kwa kuwa mteremko wake huzidi kuwa mkali kadiri unavyopanda, hivyo katikati ya njia mawimbi hupita juu sana ya ardhi. Tatizo liko mwishoni, nyumbani kwako. Mita 100 kutoka kwenye antena bado mnahitaji nusu kipenyo cha takriban mita 2, na mgrevilea mmoja wa jirani unatosha kuharibu kazi yote. Kubalianeni naye mapema kuhusu kupogoa, maana mti huo hukua haraka. Pimeni tena wakati wa masika: mawingu yanayouficha mlima hayana athari katika masafa haya, na mvua yenyewe huathiri kidogo sana, lakini majani yaliyolowa hunyonya mawimbi.

Hatua ya pili: kibali

Anayetoa huduma ya mawasiliano kwa umma anahitaji leseni chini ya sheria ya mawasiliano ya mwaka 2010. Nendeni ofisi ya kanda ya TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania) iliyoko Arusha mkiwa na mchoro wenu, mkaulize kuhusu leseni, viwango vya nguvu ya redio (kifaa cha kurusha na kupokea mawimbi) na vifaa vilivyoidhinishwa. Hakikisheni pia kuwa mkataba na mtoa huduma wenu unaruhusu kugawana laini.

Hatua ya tatu: kufunga vifaa

Tumieni gigahezi 5 kwa viungo virefu, na gigahezi 2.4 ndani ya maboma, mkichagua chaneli 1, 6 au 11 ili zisiingiliane. Kebo kutoka kwenye redio hadi ruta (kifaa kinachogawa intaneti) isizidi mita 100 na iwe ya kustahimili jua. Bomba la antena liunganishwe na ardhi kwa waya mnene wa shaba kwa ajili ya radi. Wakati wa kuelekeza antena, mmoja awe juu ya paa na mwingine asome kipimo: kati ya -50 na -65 dBm (kipimo cha nguvu ya mawimbi) ni pazuri, na chini ya -75 msiridhike.

Hatua ya nne: umeme

Redio na ruta zinazotumia wati 15 kwa pamoja zitahitaji wati-saa 360 kwa siku. Betri ya asidi ya volti 12 isishushwe chini ya nusu, kwa hiyo nunueni ya Ah (ampea-saa) 60 au zaidi. Huku juu kwenye ukungu, paneli ya wati 150 si anasa.

Hatua ya tano: uongozi

Uendesheni mtandao kama mfongo, yaani mfereji wetu wa maji: kila mtumiaji ana zamu na mchango wake, na asiyeshiriki kuusafisha hutozwa faini. Kabla ya kununua redio ya kwanza, andikeni nani atapanda paani, nani atatunza fedha, na akiba ya betri mpya itatoka wapi.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Je, tukitumia gigahezi 2.4 hatuwezi kupenya migomba bila kusimamisha nguzo? (Uru)*

Marahaba. Hupenya vizuri kidogo kuliko gigahezi 5, lakini eneo lake la Fresnel ni pana zaidi, hivyo mtagusa majani mengi zaidi. Simamisheni nguzo.

*Mbps (megabiti kwa sekunde) 20 zitatosha nyumba 30? (Kibosho)*

Zikitumiwa na nyumba 10 kwa wakati mmoja, kila moja hupata Mbps 2, mradi ruta iwe imepangwa kugawa sawa. Bila mpangilio huo, mmoja anayepakua filamu atawanyima wote. Wekeni pia kompyuta ndogo yenye programu ya Kiwix shuleni, ili wanafunzi wasome Wikipedia bila kugusa laini ya nje.

*Kwetu ni ndani ya korongo, mji hatuuoni kabisa. Tufanyeje? (Old Moshi)*

Tafuteni nyumba iliyo ukingoni, inayoona mji upande mmoja na ninyi upande wa pili. Hapo zifungwe redio mbili zenye chaneli tofauti, moja ya kupokea na nyingine ya kuwashushia. Mwenye nyumba hiyo asitozwe mchango, kwa kuwa paa lake ndilo linalowabeba.