Spea ya kompyuta kwa hela kidogo: hakikisha ugonjwa kabla hujauliza bei

Hela nyingi za matengenezo hupotea kwa kununua spea nzima kabisa ya ugonjwa ambao mashine haina. Kompyuta inazima ghafla, mtu anabadilisha ramu (RAM), kumbe feni haizunguki. Kwa hiyo anza na yasiyogharimu kitu. Chomoa waya wa umeme, fungua kasha, puliza vumbi. Walio karibu na Ziwa Victoria jijini Mwanza, kuanzia Kirumba hadi Igombe, waangalie pia wale wadudu wadogo wanaofuata taa usiku: hunasa kwenye chuma cha kupooza prosesa na kuziba upepo. Toa ramu, sugua meno yake kwa raba ya kufutia penseli, irudishe mpaka vishikizo vijifunge. Kama tarehe inarudi nyuma kila ukichomoa umeme na tovuti zinagoma kufunguka kwa sababu za usalama, shuku kwanza kibetri cha CR2032, volti 3.

Mashine ikiwa nzito, kwenye Windows bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili Task Manager ifunguke, kisha fungua Performance. Diski ikikaa 100% huku kumbukumbu (Memory, yaani ramu) ina nafasi, nunua SSD, diski isiyo na sehemu inayozunguka. Kumbukumbu ikipita 90% muda wote, nunua ramu. Usinunue vyote kabla ya kuangalia hapo.

Kwa mashine ambayo bado inatumia hadi diski (HDD, ile inayozunguka), hakuna spea inayolipa kama SSD. GB 240 au 256 inatosha. Picha na video zibaki kwenye diski ya zamani. Ya SATA ya inchi 2.5 ndiyo salama zaidi kubahatishia. Za M.2, zile nyembamba kama kadi, zina mtego: ya SATA na ya NVMe zinaunganishwa kwa njia tofauti ila zinafanana umbo, na sloti inaweza kuipokea kadi vizuri kisha isiisome kabisa. Tafuta modeli ya mashine yako kwenye tovuti ya mtengenezaji kwanza. SSD ya TB 1 kwa bei ya GB 128 ikutie shaka. Ijaze na kuisoma yote kwa programu ya H2testw kabla siku za kurudisha hazijaisha. Ikiwa unanunua hadi diski ya mtumba, ikague kwa programu ya CrystalDiskInfo: kwenye safu ya Raw Values, Reallocated Sectors na Current Pending Sectors (sehemu za diski zilizoharibika au zinazosomeka kwa shida) ziwe 0. Zaidi ya hapo iache, hata wakikupunguzia.

Ramu ndiyo inayokosewa zaidi. Soma lebo yake. PC3 ni ramu ya kizazi cha DDR3, PC4 ni ya DDR4, na mkato wa katikati hauko mahali pamoja, hivyo usilazimishe. Kwa PC3, herufi inayofuata namba ina maana: PC3-12800U ni ya kompyuta ya mezani, S ni ya laptop, R ni ya seva. Hizo za R huuzwa rahisi sana na haziwashi kompyuta ya kawaida. Laptop nyingi zenye prosesa ya Intel Core kizazi cha 4 zinataka PC3L ya volti 1.35, ukiweka ya volti 1.5 skrini inaweza kubaki nyeusi. Ukishafunga, endesha MemTest86, programu ya kupima ramu, mzunguko mzima. Kosa moja tu linatosha kuirudisha.

Kwenye umeme usibane. Dell OptiPlex 3020, 7020 na 9020 zinatumia plagi ya pini 8 kwenye madabodi, si ile ya kawaida ya pini 24, kwa hiyo peleka pawa saplai ya zamani dukani mkalinganishe. Ya mtumba iliyotoka kwenye mashine ileile ni bora kuliko mpya nyepesi isiyo na jina. Chaja ya laptop iwe na volti zilezile, ampea sawa au zaidi. Dell isipoitambua chaja, betri haichaji na prosesa inapunguzwa kasi, hata kama volti ni sahihi.

Kipimo kifanyike kaunta, mashine ikiwa imewashwa mbele yako. Aliyevuka na meli kutoka Nansio, Ukerewe, hawezi kurudi kesho kubadilisha ramu, na spea iliyoagizwa Dar kwa basi ina nauli ya kuirudisha. Risiti iandikwe namba ya spea na siku za kurudisha.

Jumla ya spea ikizidi nusu ya bei ya mashine ya mtumba ya aina hiyo, nunua mashine. Kumbuka pia kwamba Windows 10 iliachwa kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025, na Core za Intel chini ya kizazi cha 8 karibu zote hazimo kwenye orodha ya prosesa zinazokubaliwa na Windows 11. Mashine hizo ziongezee spea ikiwa tu uko tayari kuweka Linux Mint, mfumo wa bure badala ya Windows.

Ukihamia SSD, usifute diski ya zamani mpaka umetumia mpya mwezi mzima.