Jinsi ya Kuelezea Spishi Mpya ya Usubi Asiyeuma wa Mto Sigi

Kwanza vibali: cha utafiti kutoka COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia ya Tanzania), na ruhusa ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania) ya kuingia Hifadhi ya Amani, mkoani Tanga, unakopita Mto Sigi.

Usubi wa familia ya Chironomidae hana mrija wa kunyonya damu wala magamba ya mbu kwenye mabawa. Ushahidi mkubwa wa spishi uko kwa dume mpevu, mwenye antena za manyoya mengi. Usimpe jina jike au buu pekee. Wengi wao hawatofautishiki.

Chagua mabuu waliokomaa, wenye kifua kilichovimba. Kila mmoja awe na kichupa chake, maji machache ya mtoni, na kifuniko cha wavu. Wafugie hukohuko Amani, kwani mabuu wa maji ya kasi na baridi hufa upesi kwenye joto la Tanga mjini. Dume akitoka, mwache akauke na kukaza mwili, kisha mhifadhi kwenye ethanoli pamoja na magamba aliyojivua, la buu na la pupa (hatua kati ya buu na mdudu mpevu). Magamba hayo yakipotea, umepoteza nusu ya maelezo.

Ng'oa mguu mmoja kwa ajili ya DNA kabla ya kitu kingine, uuweke kwenye ethanoli ya asilimia 95 au zaidi. Kichwa, kifua na tumbo viloweke kwenye potasiamu haidroksaidi ya asilimia 10 usiku kucha. Bawa, antena na miguu visiingie humo. Kagua asubuhi mapema: ukichelewa, sehemu za uzazi hulegea na kuwa angavu mno, vinyweleo havionekani tena. Suuza kwa asidi ya asetiki, pitisha kwenye ethanoli ya asilimia 96, ndipo uweke kwenye Euparal, gundi angavu ya kudumu ya slaidi. Ukungu mweupe kwenye slaidi maana yake maji yamebaki, na kwa unyevunyevu wa pwani chupa ya ethanoli iliyoachwa wazi huvuta maji yenyewe.

Ncha ya tumbo ilale mgongo juu, na kioo cha juu kisikandamizwe. Koleo za uzazi zikibanwa hubadili umbo, nawe utaelezea spishi isiyokuwepo. Chora upande wa juu na wa chini, kisha pima uwiano wa antena: urefu wa pingili ya mwisho kwa jumla ya urefu wa pingili nyingine za mjeledi (sehemu ndefu ya antena).

Katika makala taja holotaipu (kielelezo kimoja kinachobeba jina la spishi) ni ipi na imehifadhiwa jumba gani la makumbusho. Tangu 2000 jina lisilo na hayo halihesabiki; na kama jarida ni la mtandaoni tu, sajili kwanza makala yenyewe ZooBank, rejista ya kimataifa ya majina ya wanyama.