Jinsi ya kujua kama kisu cha kukunja ni kizima au pambo tu (soma YOTE kabla ya kuniuliza)

Wakuu, nimechoka. Kila siku natumiwa picha ya kisu halafu "vipi hiki kaka?" Picha inaonyesha mng'ao, na kung'arisha ndo kazi rahisi kuliko zote kwenye kisu. Naongelea hivi vidogo vya kukunja vya kutembea navyo mfukoni, bapa la sentimita 6 mpaka 8, cha kukatia kamba na kufungulia maboksi. Naandika mara moja, sirudii.

1. Kishike kikiwa kimefungwa. Ncha ikichungulia nje ya mpini, rudisha.

2. Kifungue taratibu, kisikwaruze wala kukwama njiani. Kifunge, tazama kwa juu: bapa liwe katikati. Likiegemea kidogo sio kesi, likigusa ukuta wa mpini ndo kesi, litajikwangua kila ukifungua.

3. Kikiwa kimefungwa kipindue, kitikise. Kikijifungua mkononi kitajifungua na mfukoni.

4. LOKI. Hapa ndo nilipoumia kwa hiyo twende polepole. Kisu changu cha pili nilikishika bapa kwa vidole viwili nikalisukuma kushoto na kulia, halikucheza hata chembe, nikajiona fundi nikalipa. Juu na chini sikusukuma. Wiki ya tatu nataka kutoboa dumu la plastiki, nikachomeka ncha nikawa nazungusha, loki ikaachia na bapa likajifungia kwenye kidole cha shahada. Nilishonwa nyuzi 5, na kukiwa na baridi ile ncha ya kidole inakufa ganzi mpaka leo. Kuja kukichunguza, ule ulimi wa chuma unaojitokeza ndani ya mpini na kuzuia bapa lisirudi ulikuwa unagusa kisigino cha bapa (ile sehemu yake ya nyuma inayobaki ndani ya mpini) kwa ukingo tu, unene wa ukucha.

Sasa elewa tofauti. Kucheza kushoto na kulia mara nyingi ni skrubu ya bawaba imelegea, unakaza kidogo sana, chini ya robo mzunguko, imeisha. Kucheza juu na chini ni loki haijakaa, na hiyo hakuna skrubu ya kuitibu. Fungua bapa mpaka mwisho lilie "ta!" moja kavu, halafu chungulia ndani: ulimi ukiwa umeingia robo mpaka nusu ya unene wa kisigino, safi. Ukiwa umegusa pembeni tu, weka chini. Ukiwa umeshavuka mpaka ukuta wa upande wa pili na kisu ni kipya, hicho kimezeeka kabla hakijazaliwa, maana ulimi huwa unasogea upande huo kadiri chuma kinavyolika. Baada ya hapo shika mpini kwa mbavuni, vidole VYOTE nje ya njia ya bapa, gandamiza mgongo wa bapa kwenye ukingo wa meza kwa uzito wa mkono tu, rudia kama mara kumi. Ikiachia hata mara moja, achana nacho.

ONYO: usigongegonge mgongo wa kisu mezani kama wale wa kwenye video, unaharibu loki nzima halafu unasema kisu kibovu. ONYO: mafuta ni ya bawaba, usipake kwenye uso wa ulimi, utateleza. ONYO: vingine havina loki kabisa, kama vile Victorinox vidogo vyekundu, bapa linashikwa na springi ya mgongoni tu. Hiyo sio kasoro, ila usivichomeke kwa ncha ukasukuma.

5. Kitazame ncha ikikuelekea, mteremko wa makali ulingane pande zote mbili. Kisha elekeza makali juu, chini ya taa. Ukiona mstari au nukta inayong'aa hapo ni butu, makali yenyewe hayarudishi mwanga. Ila kisu kipya kuwa butu mimi sikihukumu, kinoo na dakika chache kimekaa sawa. Loki hainolewi.

6. Chuma. Kikiandikwa "chuma cha upasuaji" hujaambiwa kitu. Aliyetaja aina kabisa, 440C au 14C28N au D2, angalau kajifunga. Na "hakishiki kutu" maana yake kina kromi kuanzia asilimia 10.5 hivi, sio kwamba ukiache na maji ya chumvi usiku kucha.

7. Vichwa vya skrubu visiwe vimeliwa. Basi.

MASWALI

mzeewakazi: Mkuu hiki nilichoweka kwenye picha ni kizuri?
— Rudi aya ya kwanza.

chuma_tupu: Hujagusia uzito. Kizito ndo orijino, kila mtu anajua.
— Tofali nalo zito. Mpini unaweza kujazwa bati nene na loki ikawa ya hovyo vilevile. Nimeandika nilichopima kwa kidole changu.

binti_seremala: Somo zuri kaka. Nimechungulia cha kwangu, uso wa kisigino pale ulimi unapokaa umekatwa kwa mteremko, haujanyooka. Ni makosa ya kiwanda?
— Swali zuri dada. Hapana, ni makusudi, huwa digrii 7 mpaka 10 hivi, ulimi unaingia kama kabari. Ukilika kidogo unasogea mbele na bado unabana. Mteremko ukizidi ulimi unateleza, ukipungua unang'ang'ania mpaka unapigana nao kufunga. Paka maka peni kwenye uso wa kisigino, fungua na kufunga mara kadhaa, palipofutika ndo panapogusana. Maka hiyohiyo paka kwenye makali ukiwa unanoa, utajua pembe yako iko sawa au unanoa mgongo.

kazakamba: Nimekaza skrubu kama ulivyosema sasa hakifunguki kabisa.
— Nilisema chini ya robo mzunguko. Legeza.

pole_pole: Naongezea kidogo, yale mabapa yenye michoro ya mawimbi ubavuni. Angalia mgongoni, mawimbi ya kweli yanapita mpaka kwenye unene wa chuma, ya kuchapwa yanaishia pembeni.
— Asante mkuu, hii nilisahau.

mtembeajuani: Na hizi Opinel, vile visu vya Kifaransa vyenye pete ya kuzungusha shingoni mwa mpini?
— Pete ni loki nzuri, ipo tangu 1955, pindi bapa likifunguka unaizungusha tu. Shida ni mpini wa mti, ukilowa unavimba na bapa linakuwa gumu kutoka. Kiache kikauke chenyewe kivulini, usikikaze na koleo.

binti_seremala: Nimepaka maka. Imefutika kanukta kamoja pembeni kabisa.
— Kirudishe leo.

binti_seremala: Risiti sina.
— Basi katia kamba tu, dada. Ncha usiichomeke popote.